Mzazi, Mazoezi na Ndoo ya Lita 20

Wiki ya sita baada ya kujifungua, mama hufika kliniki na mtoto wake ndani ya khanga. Mtoto huvuliwa nguo, hupimwa uzito kwenye mzani wa kuning'inia, hupewa matone ya polio mdomoni na sindano pajani. Kadi hujazwa na tarehe ya kurudi huandikwa. Mama humfunika mtoto, humbembeleza anyamaze, kisha huondoka. Mara nyingi hakuna aliyemuuliza kama mkojo unamtoka akikohoa, kama mshono bado unauma, au kama anaweza kuinuka kitandani bila kujivuta kwa mikono. Lile swali alilotoka nalo nyumbani, la lini ataweza kukimbia, kurudi jimu au kucheza netiboli, hurudi nalo vilevile.

Mtaani swali hilo lina majibu tele. Shangazi atasema arobaini ikitoka, kazi zote ruksa. Jirani atashauri tumbo lifungwe kisawasawa na mzazi alale chali, ainue kiwiliwili mara mia kila asubuhi. Kwenye simu kuna video ya mwanamke aliyejifungua wiki tatu zilizopita, tumbo limelala bapa, anaruka kamba. Kati ya hao watatu hakuna hata mmoja anayeujua mwili wa huyu mama.

Jibu la kweli ni kwamba mazoezi ya mzazi huanza siku ile ile ya kwanza, yakiwa madogo mno kiasi kwamba asiyeyajua hawezi kuyaona. Mbio na kuruka huja baadaye sana, miezi mitatu au zaidi. Katikati ya hapo kuna kazi ya wiki nyingi ambayo haiongozwi na kalenda peke yake. Inaongozwa na damu, maumivu, mkojo na uzito unaohisiwa chini ya tumbo. Mama anayejua kuzisoma dalili hizo ana mwalimu bora kuliko video yoyote.

Arobaini yenyewe ni desturi yenye akili. Siku 40 za pwani zinakaribiana mno na siku 42 ambazo wakunga na madaktari huzihesabu kuwa kipindi cha uzazi. Ndani ya muda huo mfuko wa uzazi, ambao siku ya kujifungua huwa na uzito wa karibu kilo moja, hunywea hadi chini ya gramu 100. Jeraha lililoachwa na kondo la nyuma hufunga. Damu hubadilika kutoka nyekundu kuwa ya kahawia, kisha majimaji ya njano au meupe, halafu hukatika. Mzazi aliyelishwa mtori, supu na uji wa pilipili manga, akasaidiwa kazi na kuachiwa alale mtoto anapolala, amepewa tiba ambayo wanawake wengi wa Ulaya na Marekani wanaikosa.

Lakini kupumzika si kulala kitandani mchana kutwa. Damu ya mwanamke aliyetoka kujifungua huganda kwa urahisi kuliko kawaida, na hatari ya bonge la damu kwenye mguu au mapafuni huwa kubwa zaidi katika wiki sita hizo hizo. Serena Williams, mcheza tenisi aliyekuwa na mwili ulioiva kwa mazoezi kuliko wengi duniani, alijifungua kwa upasuaji Septemba 2017 na siku iliyofuata akapata mabonge ya damu mapafuni. Ndiyo maana wauguzi humtaka mama aliyefanyiwa upasuaji ashuke kitandani mapema, kwa kawaida ndani ya siku moja, hata kama ni kutembea hadi dirishani na kurudi. Akiwa amelala, azungushe vifundo vya miguu na kuvuta vidole juu na chini mara kwa mara. Hayo nayo ni mazoezi.

Namna ya kushuka kitandani inastahili maelezo, maana wengi huifanya vibaya na kujiumiza. Mama asijiinue moja kwa moja kutoka chali. Akunje magoti kwanza, ageuke ubavu kwa mwili mzima, mabega na nyonga vikienda pamoja. Ashushe miguu ukingoni mwa kitanda, kisha ajisukume kwa mkono na kiwiko huku akitoa pumzi. Akitaka kukohoa au kucheka, akumbatie mto au khanga iliyokunjwa juu ya mshono. Aliyejifungua kwa njia ya kawaida naye afanye hivyo hivyo wiki za mwanzo, kwa sababu misuli ya tumbo lake imenyooshwa kwa miezi tisa na bado haijarudi mahali pake.

Misuli inayosahaulika zaidi ni ile isiyoonekana: misuli ya sakafu ya nyonga, inayoshika kibofu, mfuko wa uzazi na njia ya haja kubwa kutokea chini. Mtoto anapopita ukeni, sehemu ya misuli hiyo hunyooshwa zaidi ya mara tatu ya urefu wake. Hata aliyefanyiwa upasuaji hajanusurika, maana ameubeba uzito wa mimba juu ya misuli hiyo hiyo. Daktari wa Marekani aitwaye Arnold Kegel aliandika mwaka 1948 juu ya kuiimarisha kwa mazoezi, na hadi leo mazoezi hayo yanaitwa kwa jina lake.

Hufanyika hivi. Mama alale ubavu au akae, apumue taratibu, tumbo na makalio vikiwa vimelegea. Akitoa pumzi, akaze kwa ndani kama anayezuia ushuzi na mkojo kwa wakati mmoja, kisha avute juu. Ashikilie kwa sekunde 3 hadi 5 bila kubana pumzi, halafu aachie kabisa na kupumzika kwa muda ule ule. Arudie mara 8 hadi 10, mara tatu kwa siku. Wiki zinavyokwenda, aongeze muda wa kushikilia hadi sekunde 10, na achanganye na mikazo ya haraka haraka, kaza na achia. Kunyonyesha kunampa nafasi nzuri ya kukumbuka: kila mtoto akishika titi, zoezi linaanza. Anaweza kuanza siku za mwanzo kabisa, mradi haongezi maumivu. Aliyewekewa mpira wa mkojo asubiri utolewe na akojoe vizuri kwanza. Na asijizoeze kuukata mkojo katikati kila anapokwenda chooni, maana kibofu kinaweza kuzoea kutotoa mkojo wote.

Kuachia ni nusu ya zoezi. Wapo wanawake ambao misuli yao imekaza kupita kiasi kwa woga au maumivu ya mshono, na kila wakiongeza kukaza ndivyo haja ndogo inavyokuwa taabu na tendo la ndoa linavyouma. Hao wanahitaji mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye katika miji mikubwa hupatikana kwenye hospitali za rufaa, mara nyingi bila mama kujua kwamba yupo pale kwa ajili yake pia.

Hapa ndipo mkaja unapohitaji kutazamwa upya. Khanga iliyofungwa kwa kiasi kuzunguka nyonga na tumbo la chini humpa mzazi egemeo na humsaidia kutembea akiwa wima. Ikikazwa hadi pumzi inakuwa fupi, mambo hugeuka. Ukiminya tyubu ya dawa ya meno katikati, dawa hutafuta mdomo. Tumbo likibanwa kiunoni, msukumo wote hushuka kwenye misuli ya nyonga iliyokwisha kuchoka. Khanga haiyeyushi nyama uzembe wala haikazi misuli, kwa sababu misuli hukazwa na kazi yake yenyewe. Kipimo ni rahisi: mama aweze kuvuta pumzi ndefu, kula akashiba na kukaa bila kuhisi kitu kinasukumwa chini. Kukandwa nako kuna mipaka. Maji ya uvuguvugu mgongoni na miguuni yanaburudisha, lakini maji ya moto mno kwenye mshono wa tumbo au wa ukeni huunguza ngozi isiyo na hisia kamili, na kulikandamiza tumbo la aliyefanyiwa upasuaji ni kumtesa. Bibi anayekanda aambiwe hivyo kwa heshima, na ikiwezekana aambiwe na mkunga.

Kuanzia wiki ya pili, kwa mama asiye na matatizo, zoezi kuu ni kutembea. Dakika 5 au 10 uani au barabarani, mahali tambarare, bila mtoto mgongoni. Akiona siku mbili tatu zimepita salama, aongeze dakika 5. Joto la Dar es Salaam au Mombasa si la kuchezea, hivyo atoke asubuhi kabla jua halijachoma au jioni likishapoa. Nyumbani anaweza kuongeza mambo madogo: kulala chali magoti yakiwa yamekunjwa na kuinua makalio polepole, kutelezesha kisigino kimoja kwenda mbele na kurudi, kusukuma ukuta kwa mikono miwili akiwa amesimama. Pumzi itoke wakati wa kutumia nguvu. Mtu anayebana pumzi anasukuma tumbo nje na nyonga chini.

Ataijuaje siku aliyopitiliza? Damu itamwambia. Ikiwa ilishakuwa ya kahawia na sasa imerudi nyekundu, au pedi zimeongezeka baada ya matembezi ya jana, jeraha la ndani limeguswa na mwili unaomba kupunguziwa. Arudi kwenye kiwango cha juzi kwa siku chache. Kadhalika mshono unaovuta usiku, mgongo unaouma kesho yake, au hisia ya uzito ukeni jioni. Hakuna haja ya hofu wala aibu. Ni taarifa, na inatumika.

Sasa ije ndoo.

Makala nyingi za mazoezi baada ya uzazi zimeandikwa kwa mwanamke ambaye maji hutoka bombani jikoni kwake. Huonya juu ya kunyanyua vyuma jimu, wakati mama wa Kishapu, wa Kwale au wa Mbagala anayanyanyua mazito kila siku bila kuyaita mazoezi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 bila kuhesabu ndoo yenyewe, na sehemu ngumu kuliko zote ni kuitoa chini hadi kichwani, pale ambapo tumbo hubanwa na nyonga husukumwa. Mwalimu yeyote wa mazoezi anayeijua kazi yake hawezi kumpa mama wa wiki tatu uzito huo. Kijijini humpati mwalimu, na ndoo inasubiri.

Kanuni ya wiki sita za kwanza, hasa kwa aliyefanyiwa upasuaji, ni kutonyanyua kitu kizito kuliko mtoto wake mwenyewe. Hiyo ni kanuni inayotekelezwa na familia nzima, si na mama peke yake. Baba anayetaka kujua atamsaidiaje mkewe kurudi na nguvu zake ana jibu la wazi: achote maji. Pale ambapo kweli hakuna mtu, mama achote kwa dumu la lita 5 mara nyingi badala ya ndoo moja iliyojaa, au ajaze ndoo nusu. Asijitwike, atwikwe. Akilazimika kuinua, apige magoti au achuchumae karibu kabisa na mzigo, akaze misuli ya nyonga kwanza, kisha ainuke huku akitoa pumzi. Kufua akae kwenye kigoda, beseni liwe juu ya kitu asiiname. Kupiga deki atumie mti mrefu. Jembe, mchi na kinu vingoje, maana kutwanga ni kazi ya mshtuko na nguvu ya tumbo kwa pamoja, na inastahili kusubiri kama mbio zinavyosubiri.

Jambo jingine la nyumbani ambalo halizungumzwi ni choo. Mama anayejikamua kwa sababu haja kubwa ni ngumu anaisukuma chini misuli ile ile anayoihangaikia kuiimarisha. Papai, mboga za majani, maharage na maji ya kutosha ni sehemu ya mazoezi yake. Choo cha kukaa kinataka kigoda kidogo chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga.

Wiki ya sita basi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, linataka mama na mtoto waonwe na mhudumu katika saa 24 za kwanza, kisha kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya sita. Mama asisubiri kuulizwa. Aseme mwenyewe: naomba mshono wangu uangaliwe, nipimwe presha na wingi wa damu, na nina swali kuhusu mazoezi. Akiwa na jambo analolionea haya, kama mkojo kumtoka au ushuzi kumponyoka, alitaje hivyo hivyo kwa jina lake. Mkunga amelisikia mara nyingi.

Kuruhusiwa wiki ya sita hakumaanishi kwamba mwili umekwisha kupona. Kwa aliyefanyiwa upasuaji, ngozi inaweza kuonekana imefunga vizuri, ilhali utando mgumu unaoshikilia misuli ya tumbo umerudisha takribani nusu tu ya uimara wake wa zamani. Hata miezi sita au saba baadaye unaweza kuwa haujakamilika. Kovu linaloonekana zuri lisimdanganye mtu.

Kisha kuna tumbo lililoachana katikati. Mimba inapokua, misuli miwili mirefu ya mbele ya tumbo husogea kila mmoja upande wake. Utafiti uliofanyika Norwei kwa wanawake 300 waliozaa mara ya kwanza, na kuchapishwa mwaka 2016, uliwakuta 60 kati ya kila 100 bado wana mwachano huo wiki ya sita, na karibu theluthi moja mwaka mmoja baada ya kujifungua. Kwa hiyo ni jambo la kawaida, wala si kosa la mama aliyekataa kufungwa mkaja. Anaweza kujipima: alale chali, magoti yamekunjwa, ainue kichwa kidogo tu, na apapase kwa vidole juu na chini ya kitovu. Nafasi ya kidole kimoja au viwili haina shida. Ikizidi hapo, au ikiwa vidole vinazama kama hakuna kitu cha kuvizuia, amwone mtaalamu. Kwa zoezi lolote, dalili ya kuacha ni moja: tumbo likichomoza katikati na kufanya tuta, zoezi hilo ni zito kwake kwa sasa. Ndiyo sababu kulala chali na kuinua kiwiliwili mara mia, dawa ya jirani, huwarudisha nyuma wengi.

Kati ya wiki ya sita na mwezi wa tatu ndipo penye utajiri, na ndipo wengi wanaporuka. Mama akae kwenye kiti cha jikoni na kuinuka bila kushika popote, mara 10, apumzike, arudie. Asimame ukingoni mwa ngazi akishika ukuta, apande juu ya vidole na kushuka. Alale ubavu na kuinua mguu wa juu. Asukume ukuta, kisha meza, kisha sakafu magoti yakiwa chini. Matembezi yafike nusu saa ya mwendo unaomfanya apumue kwa nguvu kidogo lakini bado anaweza kuongea. Kuogelea kunafaa damu ikishakatika kabisa na majeraha yamefunga. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unalenga dakika 150 za mwendo wa namna hiyo kwa wiki kwa mwanamke aliyejifungua asiye na kizuizi cha kiafya, pamoja na mazoezi ya nguvu. Hausemi ziwe za mfululizo. Dakika 8 kwenda dukani na 12 kurudi kwa njia ndefu zinahesabika, na kwa mama mwenye mtoto wa miezi miwili huenda zikawa ndizo pekee anazozipata.

Mwenye ajira naye ana hesabu yake. Sheria ya Tanzania inampa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ya Kenya, miezi mitatu. Maana yake anarudi kusimama kwenye daladala au matatu, kupanda ngazi za ofisi na kukaa saa nane kitini wakati ule ule ambao wataalamu wanasema mwili ndiyo kwanza umekuwa tayari kujaribiwa. Wiki mbili za mwanzo kazini zihesabiwe kuwa mazoezi tosha, na mpango wa jimu usogezwe mbele. Huo si uvivu.

Mbio zina utaratibu wao. Wataalamu watatu wa fiziotherapia wa Uingereza, Tom Goom, Gráinne Donnelly na Emma Brockwell, walitoa mwongozo mwaka 2019 unaoshauri mama asikimbie kabla ya wiki 12, hata kama uzazi ulikuwa mwepesi. Wengi huwa tayari kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na baadhi hukawia zaidi. Kabla ya kukimbia ajipime: atembee dakika 30, asimame kwa mguu mmoja sekunde 10, achuchumae kidogo kwa mguu mmoja mara 10 kila upande, akimbie papo hapo dakika moja, arukeruke kwa mguu mmoja mara 10 kila mguu. Kama hakuna tone la mkojo, hakuna maumivu na hakuna uzito ukeni, aanze na dakika moja ya mbio na mbili za kutembea, mara sita au saba, siku tatu kwa wiki zisizofuatana. Aongeze muda kwanza, kasi ije baadaye. Asukumwe na mwili wake. Tarehe ya mashindano isimkimbize.

Wanaopenda kutoa mfano wa wanariadha wa Kenya wautoe ukiwa mzima. Faith Kipyegon, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 mwaka 2016, alijifungua binti Juni 2018. Alirudi kushinda mbio kubwa mwishoni mwa Juni 2019, mwaka mzima baadaye, akapata fedha kwenye mashindano ya dunia Doha mwaka ule ule, dhahabu ya Olimpiki Tokyo mwaka 2021 na rekodi ya dunia mwaka 2023. Vivian Cheruiyot alijifungua Oktoba 2013, hakushindana msimu wa 2014, na Agosti 2015 akawa bingwa wa dunia wa mita 10,000 jijini Beijing. Hawa ni watu ambao kukimbia ndiyo kazi yao, wenye makocha na watu wa kuwashikia watoto, na bado hawakuuharakisha mwili. Mama wa Temeke anayetamani kurudi kwenye klabu yake ya jogging Jumapili alfajiri, kule kwenye nyimbo na fulana za sare, hana sababu ya kujitaka zaidi ya hapo. Amwambie kiongozi wa kundi hali yake, akae nyuma, atembee wenzake wanapokimbia, na akatize njia bila kuomba radhi.

Kuhusu maziwa, mama asitishwe. Imani kwamba maziwa huchacha kifuani mama akitoka jasho imewanyima wengi mazoezi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliochapishwa mwaka 1994, uliwafuatilia wanawake wanaonyonyesha waliofanya mazoezi ya dakika 45, siku tano kwa wiki, kwa wiki 12. Wingi wa maziwa yao haukupungua, na watoto wao walikua sawa na wengine. Kinachosaidia ni kunyonyesha kabla ya kutoka ili matiti yawe mepesi, sidiria inayoshika bila kubana, na maji ya kunywa. Kunyonyesha kwenyewe kunadai nguvu ya ziada, karibu kilokalori 500 kwa siku, hivyo anayejinyima chakula ili apungue upesi atachoka yeye kwanza. Aliyepoteza damu nyingi, anayeona kiza akisimama au kuhema akipanda ngazi chache, apimwe damu kabla ya kuongeza mazoezi. Vidonge vya madini ya chuma alivyopewa avimalize, na chai isiandamane na chakula, maana huzuia chuma kufyonzwa.

Akili nayo imezaa. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, wanawake wapatao 13 kati ya 100 waliojifungua hupata matatizo ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea idadi hukaribia 20. Kutembea nje na mwenzake humpunguzia mama uzito huo kwa kiasi kinachoonekana. Lakini mama asiyelala hata mtoto akilala, anayelia kila siku kwa wiki mbili, au anayewaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiambiwe akatembee. Apelekwe hospitali leo.

Yapo mengine yasiyosubiri. Pedi kulowa kabisa ndani ya saa moja, homa, uchafu unaonuka, mshono unaotoa usaha, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukatika, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu: kifafa cha mimba kinaweza kutokea hata baada ya kujifungua. Mkojo unaotiririka mfululizo bila kukohoa wala kucheka unaweza kuwa fistula, ambayo hakuna zoezi linaloiziba. Inatibika kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam huitibu bila malipo. Na mama anayehisi kinyama kinashuka ukeni aache mbio na kunyanyua mizigo hadi aonwe.

Mwisho ni kwa yule anayesoma haya akidhani amechelewa, ambaye kitinda mimba wake yuko darasa la nne na bado hubana miguu kila akipiga chafya. Misuli ya nyonga huitika mazoezi hata miaka mingi baada ya uzazi. Aanze leo na ile mikazo 8, mara tatu kwa siku, akaze kabla ya kila chafya na kila mzigo, na ajipe miezi mitatu kabla ya kupima matokeo. Asipoona nafuu kwa muda huo, aombe barua ya rufaa kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia au daktari wa magonjwa ya wanawake.